Kigari kiliwaka, mlima ukafuata, na sasa bili ni yangu

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka San Diego, California, ninakoishi na mke wangu na watoto watatu tangu 2014. Kwetu ni Mufindi. Nakitaja kwetu kwa sababu mtu wa Mufindi anaujua moto. Nimekua nikiona watu wakikimbia na matawi mabichi kuuzima moto uliomtoroka mwenye shamba ukaelekea kwenye misindano ya Sao Hill. Sikudhani iko siku mwenye moto atakuwa mimi.

Mwaka juzi nilinunua kigari cha kupandia milimani, vile vya magurudumu manne manene, viti viwili ubavu kwa ubavu, nguzo za chuma juu badala ya paa. Nilikinunua kwa mtu, kimeshatumika, dola 6,800 taslimu. Rafiki yangu ana eneo lake huko Ramona, nje ya mji, anafuga mbuzi na kuku, na sisi Waswahili wa huku tumepafanya pa kukutania Jumapili. Nyama choma, ugali, watoto wanacheza. Kigari kilikuwa kinabeba maji na kuni, na jioni watoto wanazungushwa kidogo.

Jumapili moja ya Oktoba iliyopita, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anakiendesha peke yake kwenye njia ya vumbi nyuma ya zizi. Hakuwa kasi. Anasema alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akageuka akaona moshi unatoka nyuma ya kiti, upande wa injini. Akaruka. Mkono wa kushoto uliungua kidogo. Tulipofika na ndoo, kigari kilikuwa kinawaka chote na nyasi za pembeni zimeshashika. Ulikuwa unavuma ule upepo mkavu wa kutoka jangwani. Shangazi, dakika kumi tu! Wakaja wazimamoto, ikaja helikopta, ikaja ndege ikamwaga ile dawa nyekundu. Ulizimika usiku. Ekari 37. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini banda la jirani limekwenda, na miparachichi yake kama 60.

Ofisa aliyekuja kuandika taarifa nilimwambia kwa Kiingereza changu hiki: tusamehe sana, kosa ni letu.

Mwezi huu imekuja barua ya serikali. Gharama za kuzima moto ni dola 214,000 na ushei, na wanataka jina la kampuni yangu ya bima. Mimi nasambaza mikate kwa lori, mke wangu anatunza wazee, nyumba bado tunailipia. Nilipiga simu bima ya nyumba. Aliyepokea akaniambia magari ya namna ile, tena nje ya nyumba yangu, hayahusiki. Nikakata simu.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita binti yangu alikuwa anatafuta hati za kigari kwenye bahasha niliyopewa na muuzaji. Akatoa karatasi moja, akaisoma, akanyamaza. Ni barua ya waliokitengeneza, imeandikwa kwa jina la mwenyewe wa zamani. Inasema vigari vya aina ile na miaka ile vinaweza kushika moto, akipeleke kwa wakala kikarekebishwe bure. Bahasha hiyo ilikuwa kwenye droo yangu muda wote huo. Niliifungua mara moja tu, kutoa kadi ya umiliki.

Rafiki yangu mmoja, mtu mzima, anasema: choma hiyo karatasi, uza mabaki, sema hujui kitu. Mtu wa vyuma chakavu ameshatoa bei, dola 400, anakuja kuchukua Jumamosi. Shemeji naye anasema kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, atajitwika yote yeye, hana nyumba wala akiba, wamdai yeye. Lakini yeye karatasi zake za ukaazi bado hazijakaa sawa. Mke wangu haongei na yeyote kati yetu.

Nilipe? Na kama si mimi, ni nani?

Mwenye moshi, San Diego

—

Marahaba mwanangu, na poleni nyote.

Kabla hujasoma zaidi, mpigie mtu wa vyuma chakavu, mwambie hakiuzwi. Mimi nitakusubiri hapa.

Haya. Mimi nilikaa miaka kadhaa California kwenye ofisi ya madai ya bima, upande ule wa meza wanaokaa wanaokukatalia kwenye simu. Kwa hiyo barua hiyo siisomi kwa mara ya kwanza. Wakili wako mimi siye, na wakili utamhitaji, ila nikueleze jambo lenyewe lilivyo ili ukifika kwake usiwe unatetemeka tu.

Barua ya madai si hukumu. Sheria wanayoitegemea ni ya California ya Afya na Usalama, kifungu cha 13009. Kinasema mtu anayewasha moto kwa uzembe au kwa kuvunja sheria, au anayeuachia utoroke, anadaiwa gharama za kuuzima. Kifungu kinachofuatia kinaongeza gharama za uchunguzi, za kuandika ripoti, hata za mahesabu ya kukufuatilia wewe. Deni hilo linadaiwa kama deni la mkataba. Maneno ya kushika hapo ni mawili, uzembe na kuvunja sheria. Pasipokuwa na hata moja, kifungu hicho hakikushiki, hata kama kigari ni chako na kiberiti kilikuwa tumboni mwake.

Ungefurahi nikiishia hapo. Siishii. California ina sheria nyingine, ya Rasilimali za Umma, kifungu cha 4435, ambayo wengi hawaijui mpaka iwapate. Inasema moto ukianzia kwenye injini au mashine, kule kuwaka kwenyewe ni ushahidi wa awali kwamba mtunzaji au mtumiaji wake alizembea. Maana yake, ukikaa kimya umeshindwa. Serikali haihitaji kuanza kueleza ulizembea vipi, moto umeshaeleza. Ni lazima mtu aweke kitu kingine mezani, kwamba kigari hakikuwaka kwa sababu ya matunzo yenu, kiliwaka kwa sababu kilitoka kiwandani na ubovu ndani yake.

Na shahidi wa neno hilo si wewe, si shemeji, si binti. Ni hicho chuma kilichoungua, ambacho ulikuwa unakitoa kwa dola 400.

Wachunguzi wa moto husoma mabaki kama sisi tunavyosoma gazeti. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, chuma cha fremu kinataka zaidi ya 1,400. Kwa hiyo wanaona ni wapi alumini ilidondoka kama nta na wapi imesalia, wanajua joto lilikuwa kali upande gani, wanafuata nyuma mpaka kwenye bomba la mafuta lililopasuka, au waya uliochubuka, au ile bati ya kukinga joto la ekzosi iliyolegea ikaanguka. Nyasi kavu zinataka nyuzi 300 hivi tu ziwake, na ekzosi ya injini iliyofanya kazi inapita hapo bila shida. Swali ni kwa nini joto lile au mafuta yale yalifika yasipotakiwa kufika. Jibu liko kwenye mabaki, na yakishasagwa kwenye yadi hakuna mtaalamu duniani wa kukusaidia. Tena mahakama inaweza kukuhesabia ubaya kwa kuyapoteza, kwamba uliyatupa kwa kuwa ulijua yatasema nini.

Wala usimruhusu fundi rafiki yako akifungue fungue "aangalie tu". Kikiguswa, kiguswe siku ambayo pande zote zimealikwa na kila mtu anapiga picha: wako, wa serikali, wa mtengenezaji, wa bima ya jirani. Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Fundi mmoja akigeuza nati moja kabla ya siku hiyo, mwanasheria wa mtengenezaji atatumia miezi sita kuizungumzia nati hiyo.

Sasa nije kwenye karatasi ya droo.

Vigari vya nyikani, tofauti na magari ya barabarani, viko chini ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, ile CPSC. Mtengenezaji akipata habari kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kudhuru sana watu, anatakiwa aiarifu tume ndani ya saa 24. Hukunitajia kampuni iliyotengeneza chako na sihitaji kuijua, ila nikupe mfano wa wazi ulioandikwa kwenye kumbukumbu za serikali, uone haya mambo si ya kubahatisha. Aprili 2016 kampuni ya Polaris ilirudisha kwa marekebisho vigari vyake vya RZR vya 2013 hadi 2016, kama 133,000. Kulikuwa na taarifa za mioto zaidi ya 160, watu 19 wameumia, na mtoto wa miaka 15 amekufa kigari kilipopinduka kikashika moto. Mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 27.25 kwa dai la tume kwamba ilichelewa kutoa taarifa, ya RZR na ya aina nyingine iitwayo Ranger, ambayo bati yake ya kukinga joto ilikuwa inaweza kulegea na kuanguka. Ililipa bila kukiri kosa, kama ilivyo kawaida ya mapatano hayo. Kwenye orodha ya madhara ya RZR tume ilitaja pia moto mmoja uliounguza ekari kumi. Zako ni 37.

Faini ya namna hiyo inaingia hazina ya serikali. Mwenye ekari zilizoungua anatakiwa ajitetee kwa mlango mwingine, na mlango huo California imeuacha wazi tangu 1963, katika kesi ya Greenman dhidi ya Yuba Power Products. Mtu alikuwa akichonga mbao kwa mashine aliyopewa zawadi na mkewe, kipande kikaruka kikampiga kichwani. Mahakama Kuu ya jimbo ikasema mtengenezaji anayeingiza sokoni kitu kibovu anawajibika kwa madhara yake, hata kama hakuna aliyethibitisha uzembe. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Vandermark, ikamwingiza na wakala anayeuza. Ubovu unaweza kuwa wa kuunganishwa vibaya kile kimoja, au wa mchoro wenyewe kuwa mbaya tangu mwanzo, au wa kutotoa onyo la kutosha. Mtu aliyekuuzia wewe, aliyekuwa anatoa kigari chake barazani, kwa kawaida hashikwi na sheria hiyo, maana si biashara yake. Mtengenezaji anashikwa, hata kama kigari kilipita mikono mitatu kabla ya yako.

Kwa hiyo ile karatasi anayotaka uichome rafiki yako mtu mzima ndiyo inayoonyesha kwamba waliokitengeneza walijua. Na walijua moto, si kelele ya breki wala rangi kuchuja. Sijui huyo rafiki alipata wapi shahada yake, lakini alikuwa anakushauri uchome hati yako bora kuliko zote. Isitoshe, kifungu cha 135 cha sheria ya jinai ya California kinafanya kosa kuharibu kwa makusudi kitu unachojua kitahitajika kama ushahidi. Sasa hivi una dai la fedha. Ukiwasha kiberiti, una kesi ya jinai, na hata nakala ya barua hiyo mtengenezaji anayo ofisini kwake. Umechoma nini?

Lakini nisikudanganye. Kisu hicho kina makali pande zote mbili. Watakuuliza ulipokipata kigari ulipewa nini, na wewe ulipewa bahasha. Watasema onyo lilikuwa kwenye droo yako na marekebisho yalikuwa bure. Utajibu kwamba barua haikuandikwa kwa jina lako, kwamba mtengenezaji hakuwahi kukutumia wewe, kwamba muuzaji hakutamka. Ni majibu ya kweli, na yana uzito. Hayatakuondolea yote. California inagawa lawama kwa mafungu tangu kesi ya Li dhidi ya Yellow Cab, 1975. Jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani linaweza kusema mtengenezaji asilimia kadhaa, mwenye kigari asilimia kadhaa, mwenye kigari wa zamani naye fungu lake. Fungu lako litakuwaje mimi siwezi kukutabiria, na wakili atakayekutabiria siku ya kwanza mkimbie.

Kuna jambo moja katika mgawo huo lisikupite. Kwa hasara za fedha, serikali inaweza kumshika mmoja wa wenye makosa alipe zote, halafu yeye awafuate wenzake kwa mafungu yao. Anayeshikwa kwanza ni aliye karibu, na aliye karibu ni wewe. Mahakama Kuu ilifafanua njia ya kuwafuata wenzako mwaka 1978, katika kesi iliyohusu, tena ajabu, mashindano ya pikipiki za nyikani. Kijana aliumia, waandaaji wakataka wazazi wake nao wabebe fungu lao. Wakapewa nafasi. Ndiyo maana ukishtakiwa, wakili wako hatajibu tu "si sisi". Atamleta mtengenezaji ndani ya kesi ile ile.

Kuhusu fungu lako, jiulize mambo haya ukiwa peke yako kabla hujaulizwa mbele ya watu. Ekzosi ilikuwa ya asili, au wewe au mwenye zamani aliibadilisha ili ingurume? Kifungu cha 4442 cha ile sheria ya Rasilimali za Umma kinataka injini inayotembea kwenye nyasi au vichaka iwe na kizuia cheche kinachofanya kazi. Kama kiling'olewa, hapo ndipo linapoingia lile neno la pili, kuvunja sheria. Mlikuwa mnasafisha nyasi na majani yanayojikusanya chini karibu na ekzosi? Kulikuwa na siku kilitoa harufu hiyo hiyo mkasema ah, kinapasha? Majibu mabaya mpe wakili, yeye tu, na mpe yote. Mficha uchi hazai. Na tafuta picha na video za zile Jumapili kwenye simu zenu, na kwenye kundi la WhatsApp la nyama choma, ambalo najua lipo. Video ya watoto wakizungushwa Agosti, kigari kikiwa kizima na bati zake zote mahali pake, inaweza kuwa na thamani kuliko ushahidi wa mtu mzima.

Shemeji yako ana moyo mzuri na wazo baya. Kujitwika hakukuondoi wewe, maana kifungu cha 4435 kinazungumzia matunzo pamoja na matumizi, na mtunzaji ulikuwa wewe. Halafu kifungu hicho hicho kinasema moto uliotokana na mashine ukitoroka, yule ambaye uzembe wake ndio uliouanzisha ana kosa la jinai, dogo lakini la jinai. Kwa raia linaweza kuwa faini na aibu. Kwa mtu ambaye karatasi zake bado, kukiri kosa lolote la jinai bila kwanza kuongea na wakili wa uhamiaji ni kutembea gizani karibu na kisima. Asiandike barua ya kujitwika, asitoe maelezo ya kurekodiwa kwa mtu yeyote wa bima, awe wenu au wa jirani, bila wakili pembeni. Asiseme uongo pia. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili. Na mkono ule ulioungua, uende hospitali na upigwe picha hata kama umeshapona, kwa sababu naye ana dai lake dhidi ya mtengenezaji, na kwa majeraha ya mwili muda wa kufungua kesi ni miaka miwili. Kwa mali, yaani kigari chako, ni mitatu.

Sasa lile ulilomwambia ofisa. Nilicheka kidogo, nisamehe, kwa sababu ni sisi kabisa. Kwetu mtu akijikwaa kwenye jiwe unamwambia pole, na jiwe si lako. Unaomba msamaha hata kwa mvua. Sheria ya Ushahidi ya California, kifungu cha 1160, inatuelewa nusu: maneno ya huruma kwa aliyeumia katika ajali au kwa jamaa zake hayatumiki kuthibitisha kwamba unawajibika, lakini maneno ya kukiri kosa yanatumika. Pole haikushiki, "kosa ni letu" inakushika. Limeshasemwa na liko kwenye ripoti. Si mwisho wa dunia. Wakili atamweleza hakimu kwamba wakati ule hukuwa umeiona hata hiyo karatasi, ulikuwa unatazama mlima unaungua na ukasema anachosema mtu aliyelelewa Mufindi. Ila usilirudie.

Bima. Hapa nina hasira kidogo na wewe. Huwezi kukubali hapana ya simu. Leo andika barua, au barua pepe, kwa kampuni ya bima ya nyumba, kwa bima ya gari, kwa bima yoyote ya ziada ya dhima mliyo nayo, ukiambatisha barua ya madai. Kwa kanuni za California wanatakiwa wakiri kuipokea ndani ya siku 15, na wakikataa wakatae kwa maandishi na sababu. Ni kweli bima nyingi za nyumba zinaviacha nje vigari vya namna hii vikiwa mbali na nyumba. Lakini maneno ya mkataba wako hayajasomwa na mtu, wewe wala huyo dada wa simu. Na rafiki yako mwenye eneo naye aandike kwa bima ya eneo lake, maana kigari kilikuwa kinabeba maji na kuni zake. Ukipata bima moja tu iliyoshika, hiyo ndiyo itakayokulipia wakili, na hapo nusu ya usingizi wako imerudi.

Usiwape jibu waliokuandikia kwa simu pia. Wakili awaandikie kwamba unapinga deni, na aombe mchanganuo wa kila saa ya helikopta, kila safari ya ndege, kila gari, pamoja na ripoti nzima ya chanzo cha moto. Jumla ya dola 214,000 ni ya kujadiliwa. Usilipe hata dola 50 "kuonyesha nia njema" kabla hajakuambia.

Jirani wa miparachichi naye ana haki yake chini ya kifungu cha 13007 cha ile sheria ya Afya na Usalama, na kama ana bima, bima itamlipa kisha itakufuata wewe. Tarajia barua ya pili. Ashukuriwe Mungu moto haukuvuka ukaingia Cleveland, msitu wa taifa. Moto wa Copper wa 2002 uliingia msitu wa Angeles, na aliyeusababisha, mkandarasi wa ujenzi, akahukumiwa zaidi ya dola milioni 7 za kuzima na kukarabati, na juu yake milioni 28.8 za uharibifu wa mazingira usiopimika kwa bei ya soko. Mahakama ya rufaa ikauacha uamuzi huo usimame mwaka 2012. Mwaka huo huo Bunge la California likawekea mpaka madai ya namna hiyo yanayofunguliwa na taasisi za umma, lakini sitaki wewe uwe wa kupimia mpaka huo unaishia wapi.

Na usijione mkosi wa peke yako. Moto wa Carr wa 2018 kaskazini mwa jimbo, uliokula nyumba zaidi ya 1,000 na kuua watu wanane, ulianza kwa tairi la trela lililoisha upepo na rimu ikakwaruza lami. Moto wa Apple wa 2020 huko Riverside, Cal Fire, wazimamoto wa jimbo, walisema ni gari la dizeli lenye hitilafu lililotoa vipande vya kaboni vinavyowaka kwenye ekzosi. Nchi hiyo inakauka kiasi kwamba chochote chenye injini ni kiberiti, na watu wa San Diego wanaukumbuka moto wa Cedar wa 2003, watu 15 walikufa. Majirani wa Ramona wakikutazama vibaya, wanatazama mwaka ule.

Mkeo. Hukuniuliza habari zake, lakini umemtaja. Yuko kati ya mume mwenye nyumba ya kupoteza na mdogo wake mwenye nchi ya kupoteza, na nyie wawili mmekuwa mkipanga nani abebe bila kumshirikisha. Mpe barua hii aisome yeye mwenyewe. Na mkienda kwa wakili, nendeni naye, ila shemeji awe na wakili wake mwenyewe, kwa sababu siku moja maslahi yenu yanaweza kuachana na wakili mmoja hatumikii wawili hapo.

Kwa leo jioni fanya machache. Iweke ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na bahasha yake, bila kutoboa wala kuandika juu, na binti aipige picha pande zote mbili. Kapige picha mabaki ukiwa bado na mwanga, na namba ya chasisi kama inasomeka. Halafu mwombe rafiki yako wa Ramona turubai, mkifunike kigari mahali kilipo, na mbuzi wasikikaribie.